Bi Mwatumu na Ndege Mshonaji

Miaka ile ya hamsini, mwanamume wa Chumbageni aliyetaka picha ya mkewe alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumpeleka kwenye duka la picha la Akberali Pirbhai, amsimamishe mbele ya pazia lililochorwa bustani na ngazi za mawe, huku kila mpita njia akichungulia mlangoni. Ya pili ilikuwa kumwita Bi Mwatumu aje nyumbani. Watu wengi waliojali heshima zao walimwita Bi Mwatumu.

Alifika saa nne za asubuhi, na siku ya kwanza alifika mikono mitupu. Wasiomjua walishangaa. Alikaa mkekani na wenyeji, akanywa kahawa, akauliza habari za mtoto aliyekuwa na surua, akavuta ungo akasaidia kuchambua mchele. Siku ya pili alikuja na kamera imefunikwa kanga, akaiweka kando kama mtu anayetua kikapu chake cha sokoni, na mazungumzo yakaendelea. Siku ya tatu ndipo alipopiga picha, na mara nyingi mwenye kupigwa alikuwa katikati ya kicheko, hakujua imepigwa saa ngapi. Akberali, aliyemwajiri, alikuwa akilalamika kwamba siku tatu kwa picha moja ni nyingi. Lakini picha zilipotoka alinyamaza, maana wanawake wale walionekana kana kwamba wanataka kukuambia jambo.

Kazi hiyo Mwatumu aliipata akiwa katika eda. Mumewe, Idarusi, alifariki mwaka 1949 kwa homa ya siku sita, na yeye akakaa ndani miezi minne na siku kumi kama ilivyo sheria. Khurshid, mkewe Akberali, alikuwa jirani yake wa kupakana ukuta. Alikuja kumpa pole mara ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu akaja na bahasha ya filamu zilizokwisha kusafishwa, penseli iliyochongwa ikawa nyembamba kama mwiba, na kijiwembe.

"Mikono isikae bure, Mwatumu," alimwambia. "Ikikaa bure inahesabu siku."

Hapo dirishani, ndani ya nguo zake nyeupe za ujane, Mwatumu alijifunza kulainisha sura. Hilo ndilo jina waliloipa kazi hiyo dukani. Kwenye filamu, cheupe huonekana cheusi na cheusi huonekana kitupu. Basi makunyanzi aliyajaza kwa penseli, na mng'aro wa jasho puani akaukwangua kwa kijiwembe, taratibu, bila kutoboa. Eda ilipokwisha alikuwa anaweza kufuta kovu la ndui, kupunguza pua, na kumwondolea bibi wa miaka hamsini miaka saba asijue nani kamwondolea. Baadaye Khurshid akamfundisha na kushika kamera. Hakuna sura iliyotoka mezani kwa Mwatumu ikiwa na doa. Yasemekana bwana mmoja wa Pangani alichumbia kwa kuonyeshwa picha, akafika Chumbageni na posa yake, akamtazama mchumba, akatazama picha, akauliza kwa adabu kama kuna ndugu mwingine ndani. Mwatumu mwenyewe aliisimulia hadithi hiyo, na kila mara aliapa kwamba si kweli.

Novemba ya mwaka 1957 aliingia dukani mzee wa Kibondei, mrefu, amevaa koti la kaki lililopigwa pasi likameta. Jina lake Methusela. Alikuwa mlinzi wa msitu huko Amani, juu ya Muheza, kwa miaka ishirini na sita, na alikuja kupigwa picha ya karatasi zake za kustaafu. Alikaa kwenye kiti wima kama nguzo. Akberali alipomaliza, mzee hakunyanyuka.

"Bwana Akberali," alisema, "unaweza kumpiga picha ndege aliye mdogo kama kidole gumba?"

Akberali akacheka. "Mlete. Kiti hiki kimekaliwa na watu wa kila namna."

"Huyu haletwi. Huyu anafuatwa."

Mwatumu alikuwa nyuma ya pazia zito la chumba cha giza, mikono ndani ya dawa, na aliyasikia yote. Mzee alieleza kwamba yuko ndege wa msituni, wa rangi ya kijivu na hudhurungi, asiye na uzuri wa kutazamwa, lakini ana mdomo mrefu mwembamba kama sindano, na kwa mdomo ule hutoboa kingo za majani akayashona kwa utando wa buibui, akataga humo ndani. Waliomwona kwa macho yao ni wachache mno. Wataalamu wa Kizungu walikuja wakakaa mwezi mzima wakarudi bila hata kumsikia. Na yeye Methusela amekiona kiota chake. Si ndani ya msitu mkubwa, bali pembeni kabisa, mahali mitambaazi inaposongana juu ya shamba la iliki.

"Nikaandika taarifa," mzee alisema. "Nikampelekea mkubwa wangu. Ikarudi na neno moja pembeni kwa wino mwekundu: Haiwezekani."

"Basi amesema haiwezekani," Akberali alisema. "Wewe unastaafu. Kuna nini tena?"

"Kuna hilo neno. Mwisho wa Desemba taarifa za mwaka zinafungwa kitabu, na neno lile litabaki mbele ya jina langu. Miaka ishirini na sita sijamwambia mtu nimeona nisichokiona. Sasa naondoka kazini nikiwa mwongo."

Akberali alimwonea huruma, lakini alikataa. Msituni kuna mvua, kuna ruba, na kamera yake ya macho mawili haijapata kulala nje ya nyumba hata usiku mmoja. Hapo ndipo Mwatumu alipotoka nyuma ya pazia huku akifuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyo ndege ana makinda?"

"Ana mayai matatu. Yataanguliwa kabla ya Ijumaa."

"Basi ni mzazi," Mwatumu alisema, akamgeukia Akberali. "Na mzazi hapigwi picha na mwanamume. Hiyo ni kazi yangu, Bwana Akberali."

Akberali alifungua mdomo, akamtazama mkewe. Khurshid alikuwa akikunja mapazia ya dukani, hakuinua hata uso. "Mpe kamera," alisema.

Mwanamke wa heshima hasafiri peke yake, kwa hiyo Mwatumu alifuatana na shangazi yake, Bi Kijakazi, ambaye tangu kuzaliwa kwake hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza ila wakati wa sala. Walipanda gari moshi mpaka Muheza, wakanunua machungwa, wakapanda lori la dereva Uweso lililokuwa likipeleka saruji Amani. Kila kona ya mlima Bi Kijakazi alisoma dua kwa sauti, na baada ya dua alimwuliza Uweso kama breki zake zimekwisha kupimwa.

Methusela na mkewe, Dorkasi, waliwapokea kwa furaha. Dorkasi alikuwa amekamata kuku, lakini hakumchinja. Alimsubiri Uweso, aliyekuwa Mwislamu, ashuke kwenye lori ndipo achinje, ili wageni waweze kula bila wasiwasi. Bi Kijakazi aliliona hilo. Kuanzia saa ile alimwita Dorkasi "wifi yangu", na wakakaa jikoni wakibangua iliki na kuambiana maradhi yao yote.

Asubuhi Methusela alimpeleka Mwatumu kwenye kiota. Palikuwa na giza la kijani, ukungu umekaa chini ya miti kama moshi wa kuni mbichi. Mzee alinyoosha kidole. Mwatumu hakuona kitu. Mzee alikata kijiti akakielekeza, na ndipo alipoona: majani mawili ya mtambaazi yamekutanishwa kingo, na kwenye ukingo mstari wa mishono midogo, myeupe, kila mmoja umefungwa kifundo kwa nje. Aliwahi kuwaona mafundi hodari wa kofia katika maisha yake, lakini aliinama akatazama mishono ile mpaka shingo ikamwuma.

"Subhanallah," alinong'ona. "Na sindano yenyewe iko usoni."

Mzee alitaka aanze mara moja. Mwatumu akatikisa kichwa. Kamera aliiacha nyumbani kwa Dorkasi. Alichokileta ni shiraa la nyanya yake, lile vazi la zamani la kitambaa cheusi kizito, pana kama hema, ambalo mabibi walitembea ndani yake limeinuliwa kwa miti ili asiwaone mtu. Wakati huo hakuna aliyelivaa tena. Lilikuwa sandukuni likinuka karafuu. Bi Kijakazi alipoliona linatolewa alishika kiuno.

"Nyanya yako alijifunika hili asionwe na wanaume," alisema. "Wewe unajifunika usionwe na ndege. Dunia imekwisha!"

Siku ya kwanza walilisimamisha kwa fito nne, hatua ishirini kutoka kwenye kiota, na Mwatumu akakaa ndani yake mpaka adhuhuri bila kufanya lolote. Siku ya pili, hatua kumi. Siku ya tatu, hatua nne, na kamera ikaja imefunikwa kanga. Ndege walikwenda na kurudi, dume na jike, midomo imejaa viwavi, na kila siku walikitazama kile kitu cheusi kwa muda mfupi kuliko jana. Siku ya nne shiraa lilikuwa karibu kiasi ambacho angenyoosha mkono angeligusa jani.

Methusela, aliyekaa mbali chini ya mti, alimwambia jioni ile, "Mabwana wote waliokuja hapa walianza pale ulipomalizia wewe. Ndiyo maana walimkosa."

Siku ya tano alipiga picha kumi na mbili, filamu nzima. Nuru ilikuwa chache, ilibidi kamera ibaki wazi muda mrefu kidogo, na ndege hajui kutulia. Aliichungulia kwa juu kama mtu anayechungulia kisima, akivuta pumzi pale tu ndege alipoondoka. Aliporudi Tanga na kusafisha filamu katika chumba cha giza, kumi na moja zilikuwa ukungu mtupu, au mkia tu, au jani lililotikisika. Moja ilikuwa safi. Jike amesimama mdomoni mwa kiota, shingo imeinuliwa, jicho linang'aa. Mwatumu aliishika ile filamu ikichuruzika maji, akamwita Khurshid, na wanawake wawili wakaanza kucheka peke yao gizani.

Kosa lilifanyika Ijumaa alasiri, na lilifanyika kwa mapenzi.

Aliiweka filamu mezani dirishani kama alivyoweka kila filamu kwa miaka minane. Akachukua penseli, akachukua kijiwembe. Alikuwa akiimba kaswida kwa sauti ya chini. Alimwona yule mama mdogo aliyechoka, manyoya ya kifua yametimka kwa kuhangaikia watoto, akayalaza. Akaona pembeni mwa jani vijistari vyeusi vimejipanga, kama mikwaruzo ya vumbi ambayo alikuwa akiiondoa kila siku ya Mungu, akaviondoa, kimoja kimoja, kwa ncha ya kijiwembe. Msituni macho yake yaliona mishono. Mezani yaliona mikwaruzo. Mwisho alifika usoni. Pua ilikuwa ndefu. Akaipunguza, kidogo tu, kama alivyowapunguzia wote.

Jumatano Methusela alikuja kuchukua picha yake. Mwatumu alikuwa ameikuza kubwa na kuibandika kwenye karatasi ngumu. Aliifunua mbele yake kwa mikono miwili. Mzee alivaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akberali na Khurshid walisimama nyuma wakitabasamu, wakisubiri.

"Ndege huyu ni nani?" mzee aliuliza.

"Ni mshonaji wako, mzee."

"Mshonaji wangu ana mdomo kama sindano. Huyu ana mdomo wa kifaranga wa kuku."

Mwatumu aliinama kuitazama.

"Na huku," mzee alisogeza kidole bila kugusa, "uzi uko wapi? Hili ni jani tu. Ndege amesimama kwenye jani."

Barabarani mtu alikuwa akinadi vitumbua. Mwatumu aliikimbilia meza, akaitoa filamu, akaiinua dirishani, na akaona alichofanya. Penseli ingefutika kwa tapentaini na mdomo ungerudi. Lakini kilichokwanguliwa kimekwanguliwa. Mishono yote kumi na mmoja, ile iliyokuwa ushahidi wa maneno ya mzee, ilikuwa vumbi kwenye ncha ya kijiwembe chake.

"Mzee Methusela," alisema. "Nimekuharibia. Nimemlainisha."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti. Mtu angetegemea akasirike. Yeye alitazama ile picha tena, akatoa mguno mdogo uliokaribia kuwa kicheko. "Umempamba kama bibi arusi," alisema. "Naye hajawahi kupambwa na mtu." Kisha akaanza kuikunja karatasi aliyokuja nayo ya kufungia picha, akiikunja polepole kuliko ilivyohitaji. "Basi. Nilijaribu."

"Makinda yana siku ngapi?"

"Leo ni ya kumi na moja. Ya kumi na tatu au ya kumi na nne yanaruka. Achana nalo, mwanangu."

"Siachani nalo. Kesho tunapanda gari moshi."

"Kesho?" Akberali aliruka. "Na picha za bibi arusi Asmahani? Arusi ni keshokutwa! Nyumba nzima inakungoja wewe, mwanamume haingii mle ndani. Nitawaambia nini?"

"Waambie nakuja mimi," Khurshid alisema.

"Wewe? Hujagusa kamera miaka mitano."

"Huyu Mwatumu alifundishwa na nani?"

"Kulainisha ulimfundisha, sikatai."

"Na kupiga?"

Akberali alikuna sikio. Khurshid alikuwa tayari amepanda kigoda anaishusha kamera ya zamani kutoka juu ya kabati, akipuliza vumbi. "Nenda zako," alimwambia Mwatumu. "Ila mara hii ukirudi, kijiwembe nitakificha mimi."

Usiku ule mvua ilinyesha milimani. Walipofika Amani Alhamisi jioni, Methusela hakutaka hata chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiota na taa ya kandili, akarudi amelowa. Makinda yamo. Lakini yamesimama, alisema, yanachungulia nje kama watoto dirishani.

Alfajiri, baada ya sala, walikuwa pale. Bi Kijakazi safari hii alikataa kubaki jikoni. Alisema ametoka Tanga mara mbili kwa ajili ya ndege na hajamwona hata unyoya. Methusela alimkalisha juu ya gogo, mbali, akamwomba kwa heshima zote asiseme neno. "Mimi?" alisema Bi Kijakazi. "Kwani mimi huwa nasema?" Lakini alijaza tambuu mdomoni ili pasiwe na nafasi ya neno, na hilo lilisaidia.

Mwatumu aliingia ndani ya shiraa. Aliogopa ndege watakuwa wamelisahau. Hakuwa na siku tano za kuwazoesha tena. Dume lilikuja, likasimama juu ya kijiti, likaligombeza shiraa kwa sauti kali iliyopasua, mara mbili, mara tatu, na kiwavi mdomoni. Mwatumu hakupumua. Dume likaondoka bila kulisha. Muda ukapita. Maji yalidondoka kutoka majanini juu ya kitambaa, na kila tone lilisikika kama mtu anayebisha hodi. Akaanza kufikiri kwamba safari hii, kwa haraka yake, atawafanya wazazi waache watoto na njaa, na kwamba kama jike halikuja mpaka jua litakapoingia kati ya miti, ataondoka, picha iwepo isiwepo. Alikwisha kuifunika kamera nusu.

Jike likaja. Halikugombeza. Lilitua kwenye mtambaazi, likalitazama shiraa kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili, kama mwanamke anayemwona mgeni wa juzi amerudi na kusema moyoni, Aa, ni huyu. Likaruka mpaka ukingoni mwa kiota. Kinda moja likatoa kichwa chote nje, mdomo wazi, wa manjano. Mama akainama, na mdomo wake mrefu ukaonekana wote, wazi dhidi ya ukungu mweupe, na chini ya miguu yake ile mishono.

Mwatumu alibonyeza. Akazungusha filamu, akabonyeza tena. Alibonyeza mara nne. Mara ya tano hakukuwa na wa kupigwa, maana kinda lilijirusha nje, likaanguka badala ya kuruka, likajishikiza kwenye jani la iliki likibembea, na mama akalifuata huku akiita. La pili likafuata. La tatu lilikaa peke yake dakika chache, likafikiri, likaenda. Kabla ya saa tatu kiota kilikuwa jani lililoshonwa na hakuna kitu ndani.

Kutoka kwenye gogo Bi Kijakazi alitema tambuu. "Nimemwona!" alipaza sauti. "Yaani ndiye huyo tu? Hata shorewanda wa Chumbageni ni mnene zaidi!"

Methusela alicheka mpaka akakaa chini.

Katika zile nne, mbili zilikuwa safi. Mwatumu alizisafisha, akazikausha, na alipoketi mezani dirishani aliweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake. Manyoya ya kifua yalikuwa yametimka. Kwenye pembe ya jani palikuwa na kinyesi cha makinda, na tundu lililoliwa na mdudu. Alichapa picha hivyo hivyo. Akberali aliitazama, akasema, "Jani chafu," Khurshid akamwambia akae kimya.

Methusela aliipeleka mwenyewe ofisini, hakuituma. Mkubwa wake aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akaitazama tena dirishani, akauliza nani aliipiga. "Mwanamke mmoja wa Tanga," Methusela alijibu, "aliyejifunika shiraa." Mkubwa hakulielewa neno hilo, na Methusela hakulifafanua. Mkubwa alitoa ile taarifa kwenye jalada, akapiga mstari juu ya neno lake la wino mwekundu, na kando yake akaandika tarehe na neno: Imeonekana. Hakuomba radhi. Methusela hakuwa amekwenda kutafuta radhi.

Januari, mzee alipokwisha kukabidhi koti lake la kaki, Mwatumu alipanda tena Amani na Bi Kijakazi, kamera, na nakala ya picha ndani ya fremu. Methusela aliitundika juu ya mlango wa sebuleni, akashuka kwenye kigoda, akapanda tena kuinyoosha. Dorkasi alikuwa amesimama nyuma, mikono imejaa unga.

"Miaka thelathini na mbili ya ndoa," alisema, "ukutani anatundikwa ndege."

Kumbe katika nyumba ile hapakuwa na picha ya Dorkasi hata moja; picha ya arusi yao ilikwisha kuliwa na mchwa. Mwatumu hakungoja kuambiwa. Alikaa jikoni siku ile mikono mitupu, akabangua iliki. Kesho yake aliiweka kamera kando ya mafiga, imefunikwa kanga. Siku ya tatu alimpiga Dorkasi akiwa mlangoni anamsuta mumewe kwa kuchelewa kuleta kuni, na mumewe, nje ya picha, akijitetea.

Dorkasi alipoambiwa kwamba picha itachapwa Tanga na kuletwa kwa lori la Uweso, alimvuta Mwatumu pembeni, mbali na masikio ya wazee wengine.

"Bi Mwatumu, nimesikia habari za yule ndege. Kwamba alitakiwa abaki alivyo."

"Ndiyo, mama."

"Sawa. Lakini mimi si ndege." Alijigusa mashavu, pale makunyanzi yalipokutana. "Mimi nilainishe."

Mwatumu akacheka, akamshika mkono ule wenye harufu ya iliki, akaahidi. Na aliporudi Chumbageni alimwendea Khurshid, akanyoosha kiganja, akadai kijiwembe chake.